Karafuu za Pemba kutoka mtini hadi melini: njia inakatika wapi?

Kila mikarafuu inapobeba, kuna swali linalorudi kwetu redioni. Majirani wawili wamechuma mlima mmoja, wiki moja. Wanafika kituoni kuuza, mmoja anapewa bei ya daraja la kwanza, mwengine la tatu. Kwani karafuu si zile zile?

Zilikuwa zile zile siku zilipotoka mtini. Tofauti iliingia njiani. Njia hiyo nzima, kuanzia mchumaji aliyeko juu ya mti mpaka mnunuzi wa India au Singapore anayefungua gunia, wataalamu huiita mnyororo wa ugavi. Jina ni kubwa lakini jambo lenyewe mkulima wa Mtambile au Konde analijua kwa mikono yake: nani anachuma, nani anachambua, zinaanikwa wapi, nani anazibeba, nani anapima, nani analipa na lini. Katika makala hii tunaifuata njia hiyo hatua kwa hatua, na tunakaa zaidi pale ambapo mkulima hupoteza zaidi.

Njia yenyewe

Karafuu ni kitumba cha ua. Huchumwa kabla ua halijafunguka, kitumba kikiwa kimejaa na kuanza kugeuka kutoka kijani kuelekea wekundu. Ukiwahi sana, ni ndogo na haina mafuta ya kutosha. Ukichelewa, ua hufunguka, kichwa hudondoka, na bei hudondoka nacho. Vitumba vya mti mmoja havikomai siku moja, kwa hiyo mti hupandwa zaidi ya mara moja katika msimu, na kila mara kuna mtu anayehatarisha mgongo wake juu ya tawi.

Vishada vikishuka hupelekwa nyumbani, na jioni hiyo hiyo watu hukaa chini kuchambua, karafuu upande huu na makonyo upande ule. Kazi hii kwa sehemu kubwa hufanywa na akina mama na vijana, na kwa muda mrefu imekuwa ikihesabiwa kama kazi ya nyumbani tu, ingawa bila hiyo hakuna daraja lolote. Asubuhi karafuu huanikwa. Jua likiwa zuri, siku nne au tano zinatosha. Zikikauka hutiwa kwenye magunia, hupelekwa kituo cha ununuzi kwa kichwa, baskeli, gari ya ng'ombe au gari ya kukodi, hupimwa unyevu na usafi, hutiwa daraja, hupimwa uzito, na mkulima hulipwa. Kutoka kituoni zinakwenda ghalani, kisha bandarini, kisha Unguja, kisha ng'ambo.

Mnunuzi kwa miaka mingi amekuwa mmoja: Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, lililoanzishwa 1968. Ukiitazama ramani, basi, mnyororo huu ni mwepesi kuliko ya nchi nyingi. Kisiwa ni kidogo, barabara kuu zinaunganisha Konde, Wete, Chake Chake na Mkoani, na mwenye kununua anajulikana. Ugumu hauko kwenye barabara kuu wala kwenye meli. Uko kwenye siku zile nne au tano za juani.

Jua na mvua havingoji

Pemba hupata mvua nyingi, na ndiyo sababu moja ya mikarafuu kuipenda ardhi ya vilima vya upande wa magharibi. Lakini uchumaji unaweza kuanza Julai na kuendelea hadi Januari, na sehemu nzuri yake hukutana na mvua za vuli, Oktoba hadi Disemba. Yaani wakati ambao mkulima ana karafuu mbichi nyingi zaidi uani ndio wakati ambao mbingu haziaminiki.

Karafuu mbichi zina maji mengi. Kwa hesabu ya kawaida, kilo 3 za mbichi hutoa kilo 1 ya kavu. Zikirundikwa usiku kucha bila kutandazwa, au zikirudishwa ndani zikiwa na unyevu na kufunikwa, zinapata joto, zinachacha, na zikikauka baadaye zinakuwa nyepesi, zilizosinyaa na zilizopauka. Hakuna jua la kesho linaloweza kuzirudisha.

Tuchukue mfano wa hesabu. Kwa misimu kadhaa ya miaka ya 2010, ZSTC ilinunua daraja la kwanza kwa shilingi 14,000 kwa kilo, la pili 12,000 na la tatu 10,000. Bei za msimu ulionao huenda zikawa tofauti, na hutangazwa, lakini tazama pengo. Mkulima aliyechuma kilo 60 mbichi atapata kiasi cha kilo 20 kavu. Kwa daraja la kwanza ni shilingi 280,000. Kwa daraja la tatu ni 200,000. Shilingi 80,000 zimeyeyuka kwa sababu ya usiku mmoja wa mvua na jamvi moja lililokosekana. Mchumaji keshalipwa, mwenye gari analipwa vile vile, karani wa kituo mshahara wake hauguswi. Hasara yote inabaki kwa mwenye shamba.

Kwa hiyo mambo yafuatayo, ingawa wengi wanayajua, yanastahili kurudiwa. Anika kwenye jamvi au sakafu safi ya saruji, utandaze kwa wembamba, na ugeuze mara kwa mara. Anua kabla ya umande, si baada yake. Usianike kwenye lami ya barabara: ni kweli lami inashika joto na karafuu hukauka upesi, lakini hushika pia mchanga, mafuta ya magari na vumbi, na mnunuzi wa mbali huyakuta. Usichanganye za leo na za juzi, kwa sababu mbichi chache zinaweza kuharibu gunia zima. Karafuu iliyokauka vizuri huvunjika kwa sauti ukiikunja, mti wake ni kahawia iliyokoza na kichwa chake ni chepesi zaidi kwa rangi. Kiwango cha kimataifa cha karafuu nzima kinataka unyevu usizidi asilimia 12, na mashine ya kupimia haijui kwamba jana ilinyesha.

Hapa tuseme maoni yetu. Mara nyingi likizungumzwa suala la kuboresha biashara ya karafuu, mazungumzo huenda bandarini: gati, makontena, maghala makubwa. Hayo yana nafasi yake. Lakini karafuu ikifika bandarini daraja lake limeshaamuliwa. Shilingi moja ikitumika kwenye sakafu ya kuanikia ya shehia, yenye paa la kusukuma au turubali la kufunikia juu kwa haraka, au kwenye kikaushio cha jua cha kikundi, tunadhani inarudi upesi kuliko ikitumika kwingine kokote katika njia hii. Familia yenye uwanja mkubwa na vijana wengi inaweza kuanua karafuu zote kwa dakika kumi wingu likitanda. Mjane mwenye mikarafuu minane na uwanja wa kadiri ya chumba hawezi. Mnyororo upangwe kwa kumtazama yeye, siku ya mvua, msimu ukiwa mkubwa.

Fedha hutoka kabla ya kuingia

Sehemu ya pili inayobana haionekani kwa macho kama mvua. Mchumaji hulipwa kwa pishi, na hulipwa jioni ile ile. Anataka na chakula. Kamba, majamvi, magunia na usafiri vyote vinataka fedha taslimu. Mwenye karafuu hatapata hata senti mpaka zikauke na zifike kituoni, labda wiki moja baadaye, labda mbili.

Asiye na akiba hufanya nini? Wengine huuza mavuno yakiwa bado mtini, kwa bei ya mtu mwenye shida. Wengine huuza karafuu mbichi kwa vikombe kwa mtu anayepita nyumba hadi nyumba. Fedha ni ya haraka, lakini anayenunua mbichi ndiye atakayekausha na kupata faida ya daraja. Watoto nao huingia humo: kikombe kimoja kinachukuliwa huku, kimoja kule, na wizi wa karafuu mashambani unapata soko bila maswali.

Katika misimu kadhaa ZSTC imetoa mikopo ya uchumaji kwa wakulima, hukatwa wakati wa kuuza. Ni hatua iliyolenga mahali penyewe. Mkopo wa aina hii una shabaha moja, kumfikisha mkulima mpaka karafuu zikauke, na kwa hiyo unamfaa akiupata kabla ya kuanza kuchuma. Ukija katikati ya msimu, karafuu zimeshauzwa mbichi. Anayetaka aulize mapema katika ofisi ya shirika ya wilaya yake au kwa sheha, na aulize pia masharti ya kurudisha ikiwa mavuno yatakuwa kidogo. Vikundi vya kuweka na kukopa vya vijijini vinaweza kufanya kazi hiyo hiyo kwa kiasi kidogo, ikiwa wanachama watapanga mgao wao uanguke mwanzoni mwa msimu wa karafuu badala ya mwisho wa mwaka.

Jambo moja la hatari, kwa kuwa tunazungumzia wachumaji. Matawi ya mkarafuu ni mepesi kuvunjika, na kila msimu watu huanguka. ZSTC imewahi kutoa fidia kwa walioumia au kufiwa kwa ajali za aina hii. Ajali iripotiwe kwa sheha siku hiyo hiyo na majeruhi apate karatasi ya hospitali, kwa sababu bila maandishi madai huwa magumu.

Kituo kiwe wapi?

Swali la wapi paweke kituo cha ununuzi ndilo wanalolisomea wapangaji wa minyororo ya ugavi duniani kote, iwe ni maziwa ya Kenya au kahawa ya Uganda. Kanuni ni rahisi kuitaja: vituo vikiwa vingi, mkulima anatembea kidogo lakini mnunuzi anagharimika zaidi, maana kila kituo kinataka mzani, kipimo cha unyevu, karani, ghala, ulinzi na fedha. Vikiwa vichache, mnunuzi anaokoa na mkulima anabeba gharama.

Kwa karafuu kuna tatizo la ziada. Mkarafuu hauzai sawa kila mwaka. Baada ya msimu mkubwa, mti hupumzika, na mavuno ya mwaka unaofuata yanaweza kuwa sehemu ndogo tu ya yale yaliyotangulia. Kituo kilichojengwa kwa msimu mkubwa kitakaa kimefungwa miaka mingine. Ndiyo maana mpango unaofaa ni wa aina mbili pamoja: vituo vichache vya kudumu vyenye maghala mazuri, na vituo vya muda vinavyofunguliwa kufuata mavuno yalipo. Msimu huu karafuu zinaweza kuwa nyingi kusini, msimu ujao kaskazini.

Kwa mkulima, umbali una bei. Ukiwa na gunia moja, gari la kukodi linaweza kumeza faida yote ya daraja zuri. Majirani wanne wakisafirisha pamoja, kila mmoja gunia lake lina alama yake, gharama inagawika. Tumesikia watu wakiogopa kuchanganyikiwa mizigo, na hofu hiyo ni ya haki, lakini kamba ya rangi na jina lililoandikwa kwenye kipande cha kitambaa ndani ya gunia vinatosha. Gunia liwe safi, lisiwe limetumika kwa mbolea au dawa.

Ukifika kituoni, tazama mzani unaanza kwenye sifuri kabla gunia lako halijapanda. Uliza daraja ulilopewa na sababu yake: ni unyevu, ni makonyo yaliyobaki ndani, au ni vichwa vilivyodondoka? Mkulima akiambiwa "daraja la pili" bila sababu, msimu ujao atarudia kosa lile lile. Chukua risiti, na uihifadhi.

Mkondo wa Pemba

Hatuwezi kuzungumzia njia halali ya karafuu bila kuitaja ile ya usiku. Pemba iko kiasi cha kilomita 50 kutoka bara, na upande wa kaskazini magharibi pwani ya Kenya haiko mbali kwa mashua yenye mashine. Sheria inalipa shirika pekee haki ya kununua na kusafirisha karafuu nje, na KMKM, kikosi cha kuzuia magendo, hulinda bahari. Anayekamatwa hupoteza mzigo na anaweza kufungwa.

Hata hivyo magendo nayo ni mnyororo wa ugavi, na ukiutazama kwa macho makavu unaonesha upungufu wa ule halali. Mlanguzi anakuja mpaka mlangoni, analipa papo hapo, hajali sana unyevu. Bei ya ng'ambo ikiwa juu zaidi ya bei ya kituoni, anaweza kutoa zaidi. Serikali ilipopandisha sana bei ya mkulima mwaka 2011, karafuu nyingi zaidi ziliingia vituoni. Tunasema hivi si kwa kuhalalisha magendo. Karafuu zinazotoroshwa haziwekewi daraja wala jina la Zanzibar, na mapato yake hayarudi kuwa barabara wala miche. Ila ulinzi pekee haujawahi kuziba pengo la bei na umbali.

Mnyororo uliwahi kukatika mara tatu

Wazee wanakumbuka kilichotokea miaka ya 1980, lakini hayo hayakuwa ya kwanza.

Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia, nao ulistawishwa Zanzibar katika karne ya 19, hasa wakati wa Sayyid Said bin Sultan. Mashamba makubwa ya mwanzo yalikuwa Unguja. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba haikuumia kiasi hicho. Tangu hapo Pemba ndiyo iliyobeba zao hili, na mpaka leo sehemu kubwa kabisa ya karafuu za Zanzibar hutoka huku. Laiti mikarafuu yote ingekuwa kisiwa kimoja, biashara ingekwisha kwa siku moja.

Mara ya pili haikuwa upepo. Serikali ya kikoloni iliunda Chama cha Wakulima wa Karafuu mwaka 1927, na 1937 ikakipa mamlaka makubwa juu ya ununuzi na usafirishaji. Wafanyabiashara Wahindi wa Zanzibar, waliokuwa wakinunua na kukopesha mashambani, waligoma, na India, mmoja wa wanunuzi wakubwa, ikaungana nao kususia karafuu za Zanzibar. Makubaliano yalipatikana 1938.

Ya tatu ndiyo iliyouma zaidi. Kwa miaka mingi Indonesia, ingawa ndiyo asili ya mti wenyewe, ilikuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu za Zanzibar kwa ajili ya sigara zake za kretek, zinazochanganywa tumbaku na karafuu. Halafu ikapanda mikarafuu yake kwa wingi mpaka ikajitosheleza. Miaka ya 1980 bei ya dunia iliporomoka, na Pemba ikaporomoka nayo. Mashamba yaliachwa yakaota pori, na mikarafuu ikakatwa kuni na makaa. Kosa halikuwa la mkulima wala la kituo. Mnyororo mzima ulikuwa umefungwa kwenye mlango mmoja.

Na mti wenyewe

Mkarafuu ukitunzwa huishi miaka mingi sana, na huanza kuzaa baada ya miaka kama sita au zaidi. Maana yake mti unaokufa leo bila kurudishiwa mwengine ni pengo la nusu muongo na zaidi. Mikarafuu mingi ya Pemba ni mikongwe. Serikali hugawa miche bure, lakini mche unaotolewa si mti: kiangazi cha kwanza ndicho kinachoua, na mche usiowekewa kivuli na maji hauoni mwaka wa pili. Kwa wale waliokodishwa mikarafuu ya serikali kwa msimu mmoja, hamu ya kupalilia na kupanda ni ndogo, kwani atakayechuma mwakani huenda akawa mwengine. Ukodishaji wa miaka mingi zaidi, kwa sharti la kupanda, ungebadilisha hilo.

Mwisho, makonyo. Wengi huyatupa au kuyafanya kuni baada ya kuchambua. Makonyo yana mafuta, pungufu kuliko karafuu yenyewe lakini ya kutosha kuyakamua, na kiwanda cha ZSTC cha Wawi, karibu na Chake Chake, huyatumia kutengeneza mafuta yanayoingia kwenye dawa za meno, sabuni na manukato. Bei yake kwa kilo ni ndogo sana ukilinganisha na karafuu, lakini makonyo hayana daraja tatu wala hayamngoji mchumaji mwengine: tayari yako uani kwako. Yaanike kando, yasichanganyike na udongo wala majani, yatie kwenye gunia lake, na kabla ya kukodi gari uliza kituo chako kama kinayapokea msimu huu na kwa bei gani.